Uonevu katika shule za China: idadi inashuka, lakini nani anabaki?

Darasa lilikuwa na wanafunzi saba tu. Shule yenyewe ilikuwa ya kijijini, wilaya ya Huaiyuan, mkoa wa Anhui, mashariki mwa China. Habari zilipofika magazetini Mei 2015, kilichowashinda wasomaji kumeza ni hesabu: mtoto mmoja wa miaka 13 alikuwa amewatawala wenzake sita kwa miaka kadhaa, na hakuna mtu mzima aliyejua, au aliyetaka kujua. Alikuwa makamu wa kiranja. Mwalimu alimkabidhi kazi ya kukagua kazi za nyumbani na kuwasikiliza wenzake wakikariri masomo. Ukaguzi ukageuka duka. Aliyelipa alipita. Asiyelipa alipigwa, na wapo waliolazimishwa kula kinyesi na kunywa mkojo. Watoto wakawa wanaiba fedha majumbani mwao ili wamlipe.

Siletei kisa hiki kama sura ya shule za China. Hata Wachina wenyewe kiliwashtua. Nimeanza nacho kwa sababu ya neno moja: miaka. Mjadala mwingi wa uonevu shuleni huuliza ni watoto wangapi wanaonewa. Ni nadra kuuliza mtoto yuleyule ameonewa kwa muda gani, aliingiaje humo na atatokaje. Maswali hayo mawili yana majibu tofauti, na China ni mahali pazuri pa kuiona tofauti hiyo: kuna watafiti waliohesabu kwa zaidi ya miaka 20, na kuna mfumo wa madarasa unaowaweka watoto walewale chumba kimoja mwaka baada ya mwaka.

Wazazi na walimu wengi wa China wana jibu la haraka: ni watoto, watakua, wataacha. Nilipoanza kufuatilia suala hili nililidharau jibu hilo. Sasa naliheshimu kidogo zaidi, maana takwimu zinalipa haki kwa sehemu.

Mwaka 2002 mwanasaikolojia Zhang Wenxin wa Chuo Kikuu cha Ualimu cha Shandong alichapisha matokeo ya hojaji iliyojazwa na wanafunzi zaidi ya 9,000 wa mijini na vijijini. Katika shule za msingi, kiasi cha asilimia 22 walisema wanaonewa. Katika sekondari ya chini, yaani darasa la saba hadi la tisa kwa hesabu ya China, walikuwa kiasi cha asilimia 12. Waliokiri kuwaonea wenzao nao walipungua, kutoka asilimia 6 hivi hadi chini ya 3. Hojaji hiyo ilitokana na ile ya Dan Olweus, mtafiti aliyehusika na kampeni ya kitaifa dhidi ya uonevu huko Norway mwaka 1983 baada ya wavulana watatu kujiua, na ambaye naye alikuta mteremko wa namna hiyo: kadiri madarasa yanavyopanda, wanaosema wameonewa wanapungua. Norway na Shandong hazifanani kwa lugha, malezi wala ukubwa wa darasa. Mteremko ukifanana, basi kuna kitu cha umri wenyewe.

Kitu hicho ni nini? Sehemu ni dhahiri: mtoto wa darasa la kwanza ana wakubwa wengi juu yake, wa darasa la tisa hana. Sehemu nyingine ni ustadi; mtoto hujifunza kusoma nyuso, kukwepa kona fulani ya uwanja, kutafuta rafiki mwenye sauti. Lakini kuna maelezo ya tatu ambayo huwa yanarukwa, nayo ni lugha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtafiti Peter Smith na wenzake katika nchi 14, China ikiwemo, waliwaonyesha watoto wa miaka 8 na wa miaka 14 picha 25 za watu waliochorwa kwa mistari tu, kila moja na tukio lake, wakauliza: je, huu ni uonevu? Wadogo walitenganisha vitendo vya ugomvi na visivyo vya ugomvi, basi. Wakubwa walipambanua zaidi: kupigana kwa watu wa nguvu sawa ni jambo moja, kumchapa asiyeweza kujitetea ni jambo jingine, kumtenga mtu ni la tatu.

Neno la kila siku la Kichina la kuonea ni qifu. Mtoto wa miaka saba hulitumia kama mtoto wetu anavyosema "ananionea!" pale mwenzake anapomnyang'anya kifutio au kumpita kwenye foleni ya maji. Miaka mitano baadaye mtoto huyohuyo halitumii kwa kifutio. Kwa hiyo mteremko wa kutoka asilimia 22 hadi 12 una vitu viwili ndani yake, vitendo vilivyopungua na neno lililobana. Hojaji huwapa watoto maelezo ya maana kabla hawajajibu, ndiyo, lakini yeyote aliyewahi kusimama mbele ya watoto 45 wa darasa la tatu anajua maelezo hayo hufika hadi wapi.

Upande wa pili wa hoja unaanza hapo. Wanaopinga kauli ya "wataacha" hawasemi kwamba idadi haishuki. Wanasema kinachoshuka ni ngumi. Maneno, majina ya kudhihaki, uvumi na kususwa havishuki kwa kasi hiyo, na kwa wasichana kususwa huwa kunaanza kuuma hasa katika umri ambao ngumi zimekwisha. Mtoto wa darasa la nane anaweza kupita wiki nzima bila mtu kumgusa na bila mtu kumsemesha. Akija mwalimu na kuuliza "nani kakupiga?", jibu la kweli ni "hakuna". Kanuni za Wizara ya Elimu zilizoanza kutumika Septemba 2021 ziliona pengo hili: zilitaja aina tano za vitendo, na mbili kati yake ni kumtenga mtu kwa makusudi na kumdhalilisha mtandaoni. Kwenye karatasi, kususwa sasa ni uonevu sawa na kofi. Darasani bado si hivyo, maana kofi lina alama na ukimya hauna.

Halafu linakuja suala ambalo kwangu ndilo kiini. Asilimia ni picha moja ya mnato. Fikiria benchi la zahanati. Jumatatu lina watu kumi, Ijumaa lina watu sita. Ukipewa namba hizo mbili tu huwezi kujua kama wagonjwa wa Jumatatu walipona na wengine sita wakaja, au kama wale sita ni wa Jumatatu wanaokaa palepale wakizidi kudhoofika. Kujua hilo inabidi uandike majina. Utafiti wa kufuatilia, ambapo watoto walewale huulizwa mara tatu au nne kwa miaka miwili au mitatu, ndio unaoandika majina, na katika miaka kumi na kitu iliyopita watafiti wa China wamefanya mwingi wa namna hiyo.

Unapousoma, picha inayojirudia ni hii. Watoto wengi hawaonewi kabisa, na wengi wao hubaki hivyo. Kundi la pili, dogo kuliko hilo lakini bado kubwa, huonewa kwa maneno zaidi kuliko kwa mkono, na wengi wa humo hutoka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hawa ndio wanaoibeba kauli ya "watakua". Kundi la tatu ni dogo sana. Hupigwa, hutukanwa na kutengwa kwa pamoja, na mtoto aliyemo mwaka huu ana uwezekano mkubwa wa kuwemo mwakani. Baadhi yao pia huwaonea wengine, na hao ndio wenye hali mbaya kuliko wote: hasira kwa nje, upweke kwa ndani, na kwa mwalimu wanaonekana wakorofi tu, basi huruma hawapati.

Kwa hiyo anayesema "hupita" na anayesema "haupiti" wote wanasema kweli, ila wanazungumzia watoto tofauti. Kosa, kwa maoni yangu, ni kuchukua kanuni inayowafaa wengi na kuitumia kama faraja kwa mzazi wa yule mmoja.

Kuna jambo chungu zaidi. Watafiti wa Ulaya, hasa Finland na Uholanzi, waligundua kwamba pale uonevu unapopungua darasani, wale wachache wanaobaki wakionewa huumia kuliko wangeumia katika darasa ambalo wengi wanaonewa. Ukiwa mmoja kati ya kumi unaoneana huruma na wenzako na kulaumu darasa. Ukiwa peke yako unajilaumu mwenyewe. Hili si sababu ya kuacha kupambana na uonevu, lakini linaharibu sherehe za shule zinazotangaza kwamba idadi imeshuka.

Na hapo muundo wa darasa la China unaingia. Mwanafunzi wa huko hahami chumba kwa kila somo. Darasa ni kundi la kudumu, mara nyingi watoto 40 hadi 50, wanaokaa pamoja miaka sita ya msingi na kisha miaka mitatu ya sekondari ya chini. Walimu wa masomo ndio wanaoingia na kutoka. Juu yao yuko mwalimu wa darasa, banzhuren, mwenye mamlaka ambayo mwalimu wa darasa wa kwetu angeyashangaa: hupanga nani akae na nani, huteua viranja, huongoza kundi la wazazi katika simu, na katika shule za bweni hufuatilia hata nani amelala saa ngapi.

Wanaousifu mfumo huu wana hoja nzuri. Mtu mzima mmoja anawajua watoto wote kwa miaka mitatu. Anaona nani ameanza kula peke yake. Akiamua leo kwamba mtoto fulani hataguswa, kesho haguswi. Hakuna mshauri nasaha anayekuja mara moja kwa wiki atakayeweza kumshinda kwa macho.

Wanaoulaumu nao wana hoja, na ndiyo iliyojitokeza Huaiyuan: mamlaka yakitoka kwa mwalimu kwenda kwa mtoto bila uangalizi, uonevu unavaa sare ya kiranja. Tena katika kundi lisilobadilika, sifa ya mtu haifutiki. Aliyejikojolea darasa la pili anaitwa jina hilo hadi la sita. Kwa kuwa elimu ya lazima hupangwa kwa makazi, watoto wa mtaa mmoja huenda sekondari ileile, na jina linahama nao.

Hata hivyo mpito wa kutoka la sita kwenda la saba ni mlango, labda mlango pekee wenye bawaba katika miaka tisa. Shule kadhaa za msingi humwaga watoto wao katika sekondari moja na madarasa huchanganywa upya. Kwa aliyekuwa anaonewa ni nafasi ya kuanza bila jina. Kwa mbabe ni nafasi ya kupigania cheo, maana hakuna anayejua bado nani yuko juu ya nani. Ndiyo sababu nchi nyingi huona uonevu ukichangamka kidogo mwanzoni mwa sekondari kabla ya kushuka tena. Miezi ya Septemba hadi Desemba ya darasa la saba, kama ningekuwa na bajeti ya kutoa, ndiyo ningeitoa yote huko. Darasa la tisa lina mambo yake: mtihani wa kuingia sekondari ya juu, ambao zaidi kidogo tu ya nusu ya watoto hupata nafasi katika shule za masomo ya kawaida, huwameza wote, na mwenye alama za chini hupuuzwa zaidi kuliko anavyopigwa.

Mpaka hapa nimezungumzia muda wa mtoto. Kuna na muda wa nchi: je, uonevu China umepungua au umeongezeka kwa miaka? Ukisikiliza mitandao ya China utaapa kwamba umeongezeka. Ukisoma taarifa za waendesha mashtaka utaapa kinyume: waliokamatwa kwa uhalifu wa uonevu na vurugu za shuleni walikuwa zaidi ya 4,000 mwaka 2017, na mwaka 2020 walikuwa 583. Mimi siapi kwa upande wowote. Mwaka 2020 shule zilifungwa miezi mingi kwa sababu ya korona, na mkono hauwezi kumfikia mtu aliyeko kwenye skrini. Pia idadi ya waliokamatwa ni kipimo cha polisi na sera, zaidi ya kuwa kipimo cha uwanja wa shule.

Takwimu za kimataifa nazo zina mtego. Katika PISA ya 2018, mtihani wa kimataifa wa kulinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, asilimia 18 ya wanafunzi wa miaka 15 wa China walisema wanaonewa angalau mara chache kwa mwezi, wakati wastani wa nchi za OECD, jumuiya ya nchi nyingi tajiri, ulikuwa asilimia 23. Magazeti yalishangilia. Lakini "China" ya mtihani ule ni Beijing, Shanghai, Jiangsu na Zhejiang, yaani pwani yenye fedha. Miaka mitatu nyuma orodha ilikuwa na Guangdong badala ya Zhejiang, kwa hiyo huwezi hata kulinganisha China na China. Shule ya bweni ya mlimani katika mkoa wa Guizhou, ambako wazazi wako viwandani kilomita elfu moja mbali, haimo katika hesabu hiyo.

Na shule hizo ni nyingi. Kati ya 2000 na 2010 China ilifunga zaidi ya nusu ya shule za msingi za vijijini ili kukusanya watoto katika shule kubwa za miji midogo, mpaka serikali ikausitisha mpango huo 2012. Watoto wa miaka saba na minane wakaanza kulala bweni. Mwaka 2016 serikali ilihesabu watoto milioni 9.02 wa vijijini walioachwa na wazazi wote wawili, au na mmoja huku aliyebaki hana uwezo wa kulea. 2018 walikuwa milioni 6.97. Mtoto wa kutwa akionewa ana saa kumi na sita za kupumua nyumbani. Wa bweni hana, na aliyeachwa na wazazi hata Jumamosi akirudi anamkuta bibi ambaye hatamwambia, asije akamtia presha.

Kitu kingine kilichobadilika kwa miaka ni nani anayelengwa. Hapa kuna utafiti ambao, nikiambiwa nichague mmoja tu, nitauchagua huu. Mwanasaikolojia Xinyin Chen na wenzake walipima watoto wa shule za msingi za Shanghai mara tatu: 1990, 1998 na 2002. Mwaka 1990 mtoto mwenye haya, mkimya, msikivu, alipendwa na wenzake, alichaguliwa kiranja na alifanya vizuri darasani. Ndiye mtoto aliyeitwa guai, mtulivu na mtiifu, fahari ya mama yake. Mwaka 1998 faida hiyo ilikuwa imefifia. Mwaka 2002 mtoto wa tabia ileile alikataliwa na wenzake na alionyesha dalili za huzuni. Miaka 12 tu. Haya za mtoto zilikuwa zilezile. Uchumi wa soko ndio uliokuwa umefika mjini na kudai watu wanaojitangaza, na watoto walisoma mabadiliko hayo kabla ya walimu wao. Utafiti ule ulipima kupendwa na kukataliwa, haukupima ngumi, lakini anayekataliwa ndiye anayekaa karibu na mlango wa kuonewa.

Ukiuweka utafiti huo kando ya ule wa Zhang, swali la "umepungua au umeongezeka" linaanza kuonekana dogo. Idadi inaweza kubaki ileile huku watoto waliomo wakibadilishwa na zama.

Sasa sheria. Mwishoni mwa 2016 mama mmoja wa Beijing aliandika katika WeChat, mtandao wa ujumbe wa Wachina, kwamba mwanawe wa miaka 10, wa shule ya msingi yenye jina kubwa, alimwagiwa kapu la karatasi za chooni zilizotumika kichwani. Makala ilisambaa nchi nzima. Shule ilisema ni utani uliopita kiasi, haukufikia kuwa uonevu. Kila upande ulikuwa na kitu. Mama alimwona mtoto aliyeshindwa kulala. Shule iliona watoto wawili wa miaka 10 ambao, wakiitwa waonevu na nchi nzima, jina hilo lingewafuata maisha yao yote. Kwa kipimo cha Olweus shule ingeweza kujitetea, maana yeye alidai tendo lijirudie, liwe la makusudi, na pawe na tofauti ya nguvu.

Mwaka uliofuata idara 11 za serikali zilitoa mpango wa pamoja ulioandika maana rasmi ya uonevu kati ya wanafunzi, na ndani yake likakaa neno dogo zito: mara moja au mara nyingi. Tendo moja linatosha. Sheria ya Kuwalinda Watoto iliyorekebishwa, iliyoanza kutumika 1 Juni 2021, nayo haidai kurudiwa. Kwa mzazi huo ni ushindi, na nadhani ni haki: kapu la chooni halihitaji kumwagwa mara tatu ili liwe na harufu. Kwa mtafiti ni balaa, maana wavu umepanuliwa katikati ya uvuvi. Samaki wakizidi baada ya 2017, ni bahari au ni wavu? Mimi nina wasiwasi mwingine pia. Ukimtia kundi moja mtoto aliyedhihakiwa Jumanne moja na yule aliyedhihakiwa miaka minne, huyu wa pili anapotea ndani ya umati wa wa kwanza.

Machi 2024, wilaya ya Feixiang, mji wa Handan, mkoa wa Hebei, mvulana wa miaka 13 aliuawa na kufukiwa katika banda la mboga lililotelekezwa. Watuhumiwa walikuwa wanafunzi wenzake watatu, wote chini ya miaka 14. Familia yake ilisema alikuwa akionewa kwa muda mrefu. Tangu Machi 2021 sheria ya jinai ya China inaruhusu mtoto wa miaka 12 au 13 kushtakiwa kwa mauaji ya kikatili, iwapo Ofisi Kuu ya Mwendesha Mashtaka itaidhinisha, na hapa iliidhinisha. Hukumu ilitoka 30 Desemba 2024: mmoja kifungo cha maisha, wa pili miaka 12, wa tatu hakupewa adhabu ya jinai bali alipelekwa katika elimu maalumu ya kurekebisha tabia.

Umma wa China ulitaka zaidi. Agosti 2025 watu walijaa barabarani katika mji wa Jiangyou, mkoa wa Sichuan, baada ya video ya msichana wa miaka 14 akipigwa na wenzake, kwa kuona adhabu ilikuwa nyepesi. Sheria mpya ya adhabu za usalama wa umma, ya kuanzia 1 Januari 2026, imelegeza zuio la kuwaweka mahabusu wa miaka 14 hadi 16 kwa makosa mazito. Wanaotaka ukali wanasema mbabe anajua umri wake kuliko wakili, na miaka ya huruma iliwafundisha watoto kwamba kabla ya 14 lolote linapita. Ukweli huo siwezi kuupuuza. Wanaopinga wanasema adhabu huja mwishoni mwa mstari mrefu, na mtoto wa miaka 12 hafikirii kifungu cha sheria anapoinua mkono. Ninaegemea kwa hawa wa pili, kwa sababu isiyo ya huruma hata kidogo: Handan, Jiangyou na mengine ya aina hiyo ni ncha. Katika miaka ambayo jambo lilikuwa linakua, kabla ya ncha, mahakama haikuwa na la kufanya. Waliokuwepo ni mwalimu na watoto 40 waliokuwa wanatazama.

Walimu wa China wana kauli mbili ambazo karibu kila aliyewahi kuonewa huko anazikumbuka. Ya kwanza: kiganja kimoja hakipigi kofi likasikika, yaani hata wewe lazima ulifanya kitu. Ya pili: mbona wanakuonea wewe tu, hawawaonei wengine? Mtoto aliyejibiwa hivyo mara moja harudi kusema tena. Zaidi ya hayo, kumsemea mwenzako kwa mwalimu ni aibu yenye jina lake mbele ya wenzako, "kupeleka ripoti ndogo". Kwa hiyo wanaobaki katika kundi lile dogo hubaki kimya, na kila mwaka wa kimya unawapa watazamaji ushahidi kwamba hakuna kibaya.

Kanuni za 2021 zinazitaka shule zifanye uchunguzi wa mara kwa mara kwa wanafunzi wote, na mpango wa 2017 unaipa shule siku 10 kumaliza uchunguzi wa tukio lililoripotiwa. Ni hatua njema. Ila angalia ugumu uliomo. Hojaji isiyo na jina humpa mtoto ujasiri wa kusema kweli, lakini mwakani shule haitajua kama asilimia 5 ya mwaka huu ni watoto walewale. Hojaji yenye jina humfuata mtoto, lakini mtoto anayeogopa hataandika kitu, hasa akijua inapokelewa na mwalimu wa darasa. Watafiti huzunguka hilo kwa namba za siri na kwa kuwauliza wenzake: taja watatu wanaosumbuliwa. Shule ya kawaida haina mtafiti.

Inaye mwalimu wa darasa. Huyo hahitaji hojaji. Baada ya miaka mitatu anajua nani anabaki kwenye benchi. Lakini katika shule nyingi za China kila darasa hupewa alama za nidhamu kila wiki, usafi, kuchelewa, ugomvi, na linaloongoza hutundikiwa bendera ndogo nyekundu mlangoni, ambayo wiki inayofuata huenda kwa darasa jingine. Alama hizo huingia katika tathmini ya mwalimu mwenyewe. Siku akiandika kwamba darasani mwake yuko mtoto anayeonewa tangu mwaka juzi, bendera inashuka mlangoni kwake na kwenda kutundikwa chumba cha pili.